Kisima Ulichokiandika Si cha Mama Ewoi

Kakuma,
Jumapili mchana, Juni 2013

Mdogo wangu Nafula,

Mulembe, amani ya huku kwenye vumbi, ikufikie huko kwenye matope. Mama aliniambia kwamba mvua imewashika vizuri na mahindi yamefika kifuani. Mgongo wake unaendeleaje? Usimwache ainame shambani. Palizi ya pili ifanye wewe, likizo yako ni ndefu na sijasikia wakili aliyeharibika kwa kushika jembe. Na kukhu je, bado anakataa dawa mpaka aombewe kwanza? Mwambie mjukuu wake mkubwa anamwombea kila siku, kwa hiyo ameze tu.

Sisi huku ni wazima. Imani ametoa meno mawili ya chini na anayajaribu kwangu. Wiki hii ametambaa kwa mara ya kwanza, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mtungi wa maji kama mtoto aliyezaliwa huku. Baba yake bado yuko Lodwar kwenye kazi ya barabara. Anakuja Jumamosi akipata gari, anarudi Jumapili. Siku nyingine tuko wawili, mimi na mtoto, na upepo unaotia mchanga mpaka kwenye unga. Nimechoka, Nafula. Juzi nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikainywa vivyo hivyo kwa sababu sikuwa na nguvu ya kupika nyingine.

Najua mama atataka umsomee barua hii. Msomee mpaka hapa, halafu ruka uende kwenye salamu za mwisho. Katikati ni yako peke yako. Akikutazama kwa yale macho yake, mwambie Rebeka ameandika mambo ya sheria, atasinzia mwenyewe.

Simu zako nimeziona, zote saba. Sikuzishika kwa makusudi. Kwenye simu unanishinda maneno. Unaanza kuongea kama uko mbele ya jaji, na mimi naishia kusema sawa, sawa, halafu nikikata ndipo nakumbuka yote niliyotaka kusema. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza. Kwa hiyo kaa, usome polepole.

Nakuonea wivu. Nimeanza na hilo ili nisije nikalizunguka. Sikuonei wivu wa kukutakia mabaya, au niseme ukweli, kuna wiki kadhaa ulikuwa wa kukutakia mabaya, na nitafika hapo. Naonea wivu hata usingizi wako. Mama akisema kwa simu kwamba bado umelala, saa nne asubuhi, mimi nimeshafua nepi, nimechota maji, nimetembea mpaka ofisini na mtoto mgongoni, na nimepiga chapa maelezo ya watu watatu wanaotafuta haki zao. Naonea wivu namna mama anavyosema "wakili wetu". Hata siku moja hajasema "karani wetu". Mimi nilipata C plus, wewe ukapata A minus, na tangu siku ile nyumba nzima imekaa ikikutazama wewe. Sikulaumu kwa alama zako. Nakueleza tu jinsi inavyokuwa ukikaa upande huu.

Sasa turudi Februari. Ulinipigia ukaniambia kuna mkutano mkubwa wa sheria ya kimataifa, Uholanzi, mwaka ujao, na wenyewe wametoa mwito kwamba mtu anaweza kupendekeza mada moja, au akapendekeza kikao kizima chenye mada nne na mwenyekiti wake. Ukasema utapendekeza kikao kizima, juu ya maji na sheria za mila, kwamba mwalimu wako amekubali kuwa mwenyekiti, wenzako watatu wana mada zao, na mada yako ndiyo itakayobeba kikao. Ulitaka kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Ukaniambia, dada, wewe uko pale pale, niulizie tu.

Hiyo "tu" ilinichukua Jumamosi nne. Unamkumbuka Mama Ewoi, yule anayetuletea kuni, niliyekwambia alinifundisha kumfunga Imani asitoe kichwa juani. Ndiye aliyenipeleka kwenye visima, kwenye mto wetu wa mchanga, ambao kwa macho hauna tone la maji. Kisima chenyewe ni shimo lililochimbwa mchangani, refu kuliko watu watatu wakisimamiana mabegani, na limezungushiwa miiba juu. Wanawake wanasimama ndani ngazi kwa ngazi wakipokezana karai. Nilipotoa kalamu Mama Ewoi alicheka akaniambia kwamba hapa mgeni haanzi kwa kuuliza wala kwa kuteka. Anaanza kwa kushuka na kutoa mchanga uliomwagikia chini, na akishautoa ndipo anaambiwa neno au anapewa maji. Nikamwachia binti yake Imani, nikashuka. Nilitoa mchanga karai baada ya karai. Wale wengine wakawa wananitania kwamba mwanamke wa ofisi anachota mchanga kama anayekoroga uji. Nilijibu kwamba huo uji wataunywa. Kuanzia hapo wakaniambia kila kitu.

Niliandika daftari zima. Wiki iliyofuata niliacha kula mchana nikakuchapia kurasa zote, na Imani miguuni chini ya meza, nikakutumia. Na katika kurasa hizo niliandika kwamba visima ni vya wanawake. Kumbuka hilo, kosa lilianzia kwangu. Kwa macho yangu nilikuwa nimeona wanawake tu. Wao ndio waliokuwa wakipanga zamu, wao ndio waliompa mtu na kumnyima mwingine. Mama Ewoi alimfukuza mwenye ngamia wawili mbele yangu, na yule bwana akaondoka na ngamia wake.

Baada ya Pasaka ukatuma pendekezo lako kwa barua pepe ya ofisi, kwa kuwa mimi sina kompyuta yangu. Wakili wetu wa ofisini, mkubwa wangu wa kazi, alilifungua kwanza. Unajua hiyo ofisi yetu ya msaada wa sheria ni vyumba viwili, hakuna kinachofichika. Alilisoma lote, akatoka na karatasi mkononi, akaniambia mdogo wangu ana kichwa, kwamba hajaona mwanafunzi aliyeeleza maji ya Turkana namna hii, tena kwa ufupi hivi. Nikasema asante kwa niaba yako. Halafu nikasoma.

Yalikuwa maneno yangu, Nafula. Uliyapiga pasi, ukayavisha Kiingereza cha chuo, lakini nilimjua kila mmoja aliyekuwa ndani. Yule mwanamke anayepokea karai kwa mkono wa kushoto ni mimi niliyemwona. Juu kabisa palikuwa na jina lako, jina la mwalimu wako, na majina ya wenzako ambao hawajawahi kuvuka Kitale. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ukashukuru "mkaazi mmoja wa Kakuma kwa msaada wake".

Mkaazi mmoja. Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukajua kukimbia.

Sikukupigia. Nilikunja karatasi, nikaitia kwenye mkoba wa nepi, nikaenda kupika.

Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha milimani, na mto ukaja. Huku mto unakuja kwa miguu yake, kahawia, una sauti, umebeba miti. Siku mbili ukapita, ukaacha mchanga laini kama shuka na visima vyote vimefukiwa. Jumamosi nikaenda kuona, si kwa ajili yako, nilienda kwa sababu nimewazoea wale watu. Nikakuta wanaume. Walikuwa wamerudi na mifugo kutoka upande wa Uganda, maana majani yameota. Kumbe nilipokuja Februari walikuwa mbali, wote, miezi. Shemeji yake Mama Ewoi, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa amechimba upya pale pale na kuzungusha miiba. Mama Ewoi alisimama pembeni na mtungi wake. Alimwomba. Nafula, yule mama aliyemfukuza mtu na ngamia wake, alisimama akamwomba shemeji, na akangoja.

Nilimvuta kando nikamuuliza mbona aliniambia anasimamia yeye. Akanitazama kama mtu anayemtazama Imani akila mchanga. "Mimi nachunga tu, wakati wao hawako," akasema. "Hiyo kisima ni ya yule amechimba. Wewe ulikuja wakati wanaume wameenda, sasa hukuona."

Kwa hiyo hilo ndilo kosa. Nilikwenda msimu mmoja nikadhani nimeona mwaka. Ningekuwa mtu wa hapa ningelijua hilo tangu mwanzo, na wewe ungekuwa umetoka chumbani ungeniuliza msimu gani. Tulilikosea wote wawili, lakini aliyeligundua ni mmoja.

Na huyo mmoja alinyamaza. Hii ndiyo sehemu ambayo sikutaka mama aisikie. Nilitembea kurudi nyumbani nikijua kwamba mada yako ina shimo, na kwamba kikao kizima kimesimama juu ya mada yako, na nilihisi raha. Nilikuona umesimama mbele ya wale maprofesa, umevaa lile koti la buluu, unasema wanawake wa Turkana wana miliki ya maji tangu enzi, halafu nyuma anainuka mtu mmoja wa huku, msomi, anakuuliza kwa upole, wewe binti, ulifika mto upi? Nilimnyonyesha mtoto nikiifurahia picha hiyo. Si mara moja. Ilikuwa ni kama peremende, naitoa jioni nailamba kidogo, naiweka. Ulipopiga simu ukiuliza kama kuna cha kurekebisha kabla hujaituma, sikushika.

Ningeendelea hivyo mpaka tarehe ya mwisho ipite. Nakwambia ukweli, si dhamiri iliyonishtua. Ni wakili wetu.

Alikuwa hajaisahau karatasi yako. Jumatatu iliyopita aliingia na furaha yake akasema ofisi itafanya kitu juu ya jambo hili. Alitaka Alhamisi tuchukue gari, twende mtoni, tuwaite wanawake wenye visima, tuandike jina la kila mmoja, na tuweke kibao kwenye kila kisima ili hata kambi ya wakimbizi ikipanuka, hata likija shirika au kampuni, maji ya wanawake yajulikane ni ya nani. Nikachapa ile barua ya mwito mwenyewe. Vidole vyangu viliandika jina la Mama Ewoi namba moja.

Jioni alipoleta kuni nilimwambia, nikijaribu kuifanya ionekane habari njema. Aliweka mzigo chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikata. Aliuliza kama karatasi hiyo inaweza kurudishwa. Nikasema sijui.

"Shemeji akisikia nimesema kisima ni yangu," akasema, "atasema nimeuza mchanga ya ndugu yake na mdomo. Mimi nitateka wapi, mama Imani? Kwa ofisi yenu?"

Alifunga upya mzigo wa kuni za jirani, akasema ejok, yaani vizuri, kwa namna ya kuaga, akaenda.

Asubuhi yake nilifika ofisini kabla ya mlinzi. Wakili alipoingia nilimwekea daftari mezani, lile la Februari, na kurasa mpya nilizoandika juu ya mto na shemeji na miiba. Nikamwambia safari ya Alhamisi isiwepo. Alisoma amesimama, na mkoba wake bado begani. Aliuliza mwandiko huu ni wa nani. Nikasema wangu. Akauliza nilijua lini kwamba si kweli. Nikasema Aprili. Hapo alikaa.

"Aprili, Rebeka. Na umekaa nalo mpaka leo, kwa nini?"

Jibu lilikuwa wivu, na hilo mtu hamwambii mkubwa wake wa kazi. Nilisema mtoto alikuwa mgonjwa. Alijua nadanganya. Safari ameiahirisha, lakini tangu siku hiyo ananipa karatasi bila kunitazama, na faili za maana anampa mwenzangu. Nimestahili. Sikuandikii ili unionee huruma.

Nakuandikia kwa sababu Ijumaa ijayo ndiyo mwisho wa kutuma mapendekezo, na bado una nafasi. Nimekuwekea kurasa tisa ndani ya bahasha hii. Jirani anakwenda Kitale kesho, atamkabidhi mjomba, khocha wetu, pale stendi, kwa hiyo Jumanne utakuwa nazo mkononi. Hizi ndizo za kweli. Na nikwambie, ni nzuri kuliko zile za kwanza. Kwa sababu Jumamosi ya jana Mama Ewoi alifanya jambo. Alichimba chake, hatua thelathini chini ya kile cha shemeji, yeye na binti yake, kwa karai na mikono. Shemeji alisimama juu akicheka, akasema mchanga utakila kabla ya jua kuzama. Haukukila. Kikatoa maji mekundu, halafu meupe. Na mchana mbuzi wa shemeji walipokuja, yule mwanamume alisimama nje ya miiba ya Mama Ewoi, akavua kofia yake ya manyoya, akaomba. Na kabla ya kupewa alishuka akatoa mchanga. Nilikuwepo, nimeona kwa macho haya. Mama Ewoi alimwacha atoe makarai mengi kidogo kuliko yaliyohitajika, akanikonyeza.

Hiyo ndiyo mada yako. Si wanawake wala wanaume, ni yule aliyechimba. Kiandike hicho mbele ya maprofesa, na yule msomi wa nyuma akiinuka atakuwa anapiga makofi.

Sasa masharti, na haya sitayarudia kwa simu.

Jina la Mama Ewoi lisionekane popote, wala mahali mto ulipo. Nimemuuliza, amekataa, na nimemwahidi. Yeye ndiye aliyekubali tuandike hadithi na kukataa jina, kwa hiyo usimbadilishe uamuzi kwa faida ya kikao chako.

Lile neno mkaazi mmoja lifute. Jina langu litakaa juu, pamoja na lako. La kwanza au la pili sijali. Mwalimu wako akisema huyu si mwanasheria, mwambie ndiyo, si mwanasheria, na kwamba bila yeye hakuna mada. Ukiona huwezi kumwambia hivyo, basi kurasa tisa zirudi kwa njia ile ile zilizokuja, na uitoe mada yako kikaoni. Ile ya kwanza usiitume kwa hali yoyote. Ukiituma nitawaandikia mimi mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha karani, na watanielewa.

Na la mwisho. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba kama watalipia mtu mmoja tu kwenda, uende wewe. Nimelikata, unaona wino. Nilikuwa najifanya mkarimu. Kama ni mtu mmoja, nataka kwenda mimi. Nataka kupanda hiyo ndege na kusimama mbele ya hao watu na kuwaeleza mchanga unavyonuka asubuhi. Wewe utakuja ukae na Imani siku tano. Anakunywa uji mwepesi, haupendi ukiwa na sukari, na huwezi kumlaza bila kumpigapiga mgongoni. Sisemi watakubali. Sisemi hata wewe utakubali. Nasema ujue ninachotaka, kwa sababu maisha yangu yote umedhani sitaki chochote, na mimi ndiye niliyekuacha udhani hivyo.

Ukikasirika, kasirika. Mimi ni dada yako kabla ya karatasi hii na baada yake. Ukiwa na njaa ya ugali wangu, njoo hata kama majina hayakukaa. Lakini majina yakae.

Hapa ndipo uanze tena kumsomea mama.

Msalimie mama, mwambie lile shuka alilomtumia Imani ndilo tunalotandika juu ya kila kitu. Msalimie kukhu, nasema ameze dawa. Msalimie khocha kwa kazi ya kupokea bahasha, na mke wake aliyejifungua, nitamletea kikoi cha huku nikija. Msalimie mwalimu wetu wa darasa la nane ukikutana naye kanisani, yule aliyesema mwandiko wangu ni mzuri kuliko hesabu zangu. Baba Imani anawasalimu wote. Imani angewasalimu, lakini amelala amekumbatia kiatu changu.

Nimeandika jina langu hapa chini kwa ukamilifu, kwa herufi zinazosomeka, namna ninavyotaka uliandike Ijumaa.

REBEKA NASIMIYU WAFULA
Karani, Kakuma